Tabo, risasi na injini iliyojifunza kusikia

Leo naomba tuziache siasa zipumue kidogo tuzungumze habari za magari. Kabla wale wasiojua hata kufungua boneti hawajakimbia, nawaomba wavumilie. Habari hii inaanzia kwenye pistoni, lakini inafika mpaka kwenye damu za watoto waliokulia kando ya barabara za mijini, na wengi wetu tumo humo.

Tuanze na neno. Nenda gereji yoyote ya uswahilini, utamsikia fundi akisema gari fulani "limenoki". Maana yake injini imekufa, tafuta nyingine au ifunguliwe yote. Neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, ila kwao linaanza kama sauti: kitu kinagonga ndani ya injini. Kifo kinakuja baadaye. Sisi tumelipokea likiwa tayari linazungumzia maiti. Historia yote ya injini za petroli zenye nguvu, hasa zenye tabo, ni historia ya watu waliokuwa wakipambana na sauti hiyo. Wengine waliamua kuizima sauti. Wengine waliamua kuisikiliza. Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo iliyonifanya niandike.

Nalisema hili kwa sababu katika marafiki zangu wa karibu, watatu wana Subaru zenye tabo zilizotumika kutoka Japani, na kila tukikutana mazungumzo ni yale yale: nani amepandisha nguvu kwa laptopu, nani ameongeza presha ya tabo, nani injini imemfia Chalinze. Wanajua namba nyingi sana. Lakini ukiwauliza namba hizo zimetoka wapi na kwa nini zinaua injini, kimya.

Hebu tuingie ndani ya silinda. Pistoni inapopanda inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Kabla haijafika juu kabisa, plagi inatoa cheche. Kwa nini kabla? Kwa sababu moto hauwaki wote kwa mara moja. Unaanzia kwenye plagi na kusambaa kama moto wa nyasi shambani, na fundi anataka msukumo mkubwa uikute pistoni ndiyo kwanza imeanza kushuka. Kutega taimingi ni kuchagua cheche itoke nyuzi ngapi za mzunguko kabla ya kilele. Ukiichelewesha sana, moto unaishia kwenye ekzosi, gari linakuwa zito na ekzosi inapata joto kali. Ukiiwahisha sana, unaingia kwenye hatari.

Hatari yenyewe ni hii. Mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao moto haujaufikia, unabanwa na kupashwa joto na ule unaoungua. Ukizidiwa, unalipuka wenyewe wote kwa mkupuo. Gesi inatetemeka ndani ya silinda kama kengele iliyopigwa, mara 5,000 hadi 8,000 hivi kwa sekunde kutegemea upana wa silinda, na dereva anasikia kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Ikiendelea, gasketi inaungua na pistoni inapasuka au kutoboka. Hapo ndipo fundi wetu anapokuja na neno lake.

Sasa ongeza tabo. Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka, ambao ungepotea bure, na ya pili inasukuma hewa nyingi zaidi kuingia kwenye injini. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Lakini hewa ikisukumwa inapata joto, na ikiingia kwa wingi presha ndani ya silinda inapanda. Joto na presha ndizo hasa zinazofanya ule mchanganyiko wa pembeni ulipuke. Kwa hiyo tabo kwenye injini ya petroli inakuja na adui wake mgongoni.

Aliyebuni jambo hili ni Mswisi aitwaye Alfred Büchi. Aliwasilisha ombi la hataza Novemba 1905, akiwa na miaka 26. Mtu wa rika letu kabisa. Wazo lake lilikuwa kuutumia moshi ulioachwa upotee. Lakini kati ya wazo na chombo kinachofanya kazi kulikuwa na miaka mingi ya vyuma kuyeyuka, na walioanza kufaidi hawakuwa wenye magari. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, kwenye mwinuko wa mita 4,300 hivi, ili kuonyesha kwamba tabo inaweza kuirudishia injini nguvu iliyoibiwa na hewa nyepesi ya mlimani. Ikafanya kazi. Miaka ya 1920 tabo zikaanza kufungwa kwenye injini za dizeli za meli, na mwaka 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ikaiweka kwenye lori.

Mbona dizeli ilitangulia? Kwa sababu dizeli haina shida ile. Ndani ya silinda yake kunabanwa hewa tupu, na mafuta yanapulizwa wakati wa kuwaka ukifika. Hakuna mchanganyiko unaongoja pembeni kulipuka. Ndiyo maana mabasi na malori yetu yalipiga mluzi wa tabo barabarani miaka mingi kabla ya gari dogo la petroli.

Turudi kwenye petroli. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka iliyofuata, Mwingereza Harry Ricardo alifanya majaribio ya uvumilivu mkubwa na kuonyesha kwamba tatizo halikuwa la chuma peke yake bali la mafuta pia. Petroli moja ilivumilia kubanwa kuliko nyingine. Aligundua kwamba kimiminika kiitwacho toluini kilivumilia sana, akakitumia kama kipimo cha kulinganishia mafuta mengine. Shikeni jina hilo, tutalikuta tena mbele. Baadaye, mwaka 1926, Marekani ikapatikana mizani ya okteni tunayoitumia mpaka leo kwenye pampu.

Wakati Ricardo anapima, upande wa pili wa bahari kulikuwa na Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors mjini Dayton, Ohio, chini ya bosi wake Charles Kettering. Midgley alikuwa akitafuta kitu cha kutia kidogo tu kwenye petroli ili mlio ule unyamaze. Alijaribu vitu vya kila namna. Alijua kwamba spiriti, yaani ethanoli, inasaidia, lakini spiriti inatengenezwa na yeyote mwenye mahindi au miwa, na inahitajika kwa wingi. Tarehe 9 Desemba 1921 akatia kwenye injini ya majaribio mchanganyiko wenye madini ya risasi. Kugonga kukakoma. Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa kituoni Dayton. Waliipa jina la Ethyl, na neno risasi likaachwa nje ya tangazo. Hilo ni jambo ambalo sisi wa vyumba vya habari tunalijua vizuri: habari kubwa mara nyingi ni neno lililoachwa.

Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil huko Bayway, New Jersey, wafanyakazi wa kitengo cha kutengeneza risasi hiyo walianza kuchanganyikiwa akili. Watano walikufa na makumi wengine wakalazwa. Magazeti yakaibandika jina la gesi ya wendawazimu. Tarehe 30 Oktoba Midgley akaitisha waandishi wa habari New York, akanawa mikono kwa kimiminika kile mbele yao, kisha akakinusa kwa dakika nzima kuonyesha kwamba ni salama. Jambo ambalo waandishi hawakuonyeshwa ni kwamba mwanzoni mwa mwaka 1923 yeye mwenyewe alilazimika kupumzika kazi kwa sababu risasi ilikwisha kumdhuru mapafu na mwili.

Nimelifikiria sana tukio lile. Nimeshakaa kwenye mikutano mingi ya waandishi ambako mtu mwenye suti anatuonyesha kitu, tunapiga picha, tunakunywa soda, tunaondoka. Mei 1925 mauzo yalisimamishwa ili suala lichunguzwe. Januari 1926 kamati ya wataalamu ikasema haikuona sababu za kutosha za kuipiga marufuku, ingawa ilishauri utafiti uendelee. Pampu zikafunguliwa tena. Kuanzia hapo dunia nzima ikaendesha magari kwa petroli yenye risasi kwa miongo kadhaa. Injini zikabanwa zaidi, cheche ikawahishwa zaidi, nguvu zikapanda. Sauti ilikuwa imezimwa.

Lakini tabo ilikuwa na njaa kuliko uwezo wa risasi. Mwaka 1962 General Motors walitoa magari mawili madogo ya petroli yenye tabo, Chevrolet Corvair Monza Spyder na Oldsmobile Jetfire. Jetfire ilikuwa na injini ya alumini ya lita 3.5 yenye silinda 8 na nguvu farasi 215. Mbano wake ulikuwa 10.25 kwa 1, mkubwa mno kwa injini yenye tabo. Wangezuiaje kugonga? Waliweka tangi la pili la mchanganyiko wa maji na spiriti ya methanoli, uliokuwa unapulizwa kwenye hewa inayoingia ili kuipoza. Kimiminika kikiisha, vali inapunguza presha ya tabo. Kihandisi ni akili kubwa. Kibinadamu ni ndoto: nani atakumbuka kujaza tangi la pili kila safari? Wenye magari hawakujaza, wakalalamika kwamba gari halina nguvu, na zilizotengenezwa hazikufika hata 10,000 kabla ya mradi kufa mwaka 1963. Baadaye kampuni ilikuwa tayari kuwaondolea wateja ile tabo.

Wajerumani walichagua njia nyingine. BMW 2002 Turbo ya mwaka 1973 ilishusha mbano hadi 6.9 kwa 1, na Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 hadi 6.5 kwa 1. Ni kama kumwambia mtu ale kidogo asubuhi ili mchana apate nafasi ya pilau. Tabo ikiwa haijazunguka vizuri gari lilikuwa zito, kisha ghafla nguvu zinakuja zote katikati ya kona. Madereva wengi wa Porsche walijikuta wametazama walikotoka. Na kwa kuwa hapakuwa na kitu chochote kinachosikiliza injini, mhandisi alilazimika kuitega kwa hofu: cheche ichelewe kiasi cha kutosha kwa siku mbaya kuliko zote, yenye joto kali na petroli mbovu. Siku nzuri zote gari lilikuwa linalipia kosa la siku moja mbaya.

Hapa ndipo historia inapogeuka. Mwaka 1978 Buick walileta injini ya V6 yenye tabo iliyofungwa kifaa kidogo cha kuhisi mtetemo. Kikisikia mlio ule, kifaa cha umeme kinachelewesha cheche, na mlio ukiisha kinairudisha polepole. Huko Sweden, kampuni ndogo ya Saab, iliyokuwa imeonyesha Saab 99 Turbo mwaka 1977, ilikuwa na mhandisi aitwaye Per Gillbrand, ambaye Waswidi walimpachika jina la Turbo-Pelle. Yeye na wenzake waliunda mfumo wa APC ulioingia kwenye magari ya mwaka 1982. Sensa ilifungwa kwenye bloku ya injini. Ikisikia mlio, mfumo haukugusa cheche, ulifungua njia moshi upite pembeni ya feni ili presha ya tabo ishuke. Matokeo yake gari moja liliweza kutumia petroli nzuri au hafifu, na lenyewe likajua limelishwa nini. Mbano ukaweza kupandishwa tena na mafuta yakapungua. Hakuna tangi la pili, hakuna hofu ya siku mbaya.

Injini ilikuwa imepata masikio. Ubongo nao ulikuwa unakuja. Mwaka 1979 Bosch walitoa Motronic kwenye BMW 732i, kompyuta moja iliyosimamia mafuta na cheche kwa pamoja. Badala ya uzito na springi ndani ya distributa, sasa kulikuwa na jedwali la namba: kwa mzunguko huu na mzigo huu, toa cheche nyuzi kadhaa, pulizia mafuta kiasi kadhaa. Jedwali hilo ndilo vijana wetu wanaliita "ramani", na ndilo wanalolichezea kwenye laptopu.

Kilibaki kiungo kimoja, pua. Ili petroli yote iungue sawasawa inahitaji hewa takriban kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya petroli. Tabo ikisukuma kwa nguvu, mtegaji anaongeza mafuta hadi hewa iwe kilo 11 au 12 hivi, kwa sababu petroli ya ziada inapoza silinda na kuzuia kugonga. Akizidisha, anachafua hewa na kupoteza nguvu. Akipunguza mno, anatoboa pistoni. Kifaa cha kunusa moshi na kujua mchanganyiko ukoje ni sensa ya oksijeni, ambayo Volvo waliianza kwenye magari ya California mwaka 1976, ikifanya kazi pamoja na katalisti ya kusafisha moshi. Vyote viwili vina adui mmoja: risasi. Petroli yenye risasi inaua katalisti na kuipofusha sensa. Kwa hiyo sumu ile ile iliyozima sauti ndani ya silinda ndiyo iliyokuwa inainyima injini pua. Ilibidi moja iondoke.

Wakati wahandisi wa magari ya kawaida wanajifunza kusikiliza, wale wa mbio za Langalanga, yaani Formula One, walikuwa kwenye sherehe. Julai 1977 Renault walileta gari la tabo la lita 1.5 Silverstone, likawa linatoa moshi mara kwa mara hadi Waingereza wakaliita birika la njano. Kicheko kikaisha tarehe 1 Julai 1979, Jean-Pierre Jabouille aliposhinda nalo Dijon. Mwaka 1983 Nelson Piquet akawa bingwa wa kwanza wa dunia mwenye tabo, akiendesha Brabham yenye injini ya BMW ya silinda 4. Siri kubwa ilikuwa ndani ya tangi. Sheria iliweka kikomo cha okteni 102, lakini wakemia walijua namna ya kuipita roho ya sheria bila kugusa maandishi yake. Petroli ya Honda ya mwaka 1988, iliyowapa Ayrton Senna na Alain Prost ushindi wa mbio 15 kati ya 16 kwenye McLaren, ilikuwa toluini kwa asilimia 84. Ni kitu kile kile cha Ricardo. Msimu huo presha ilibanwa isizidi bar 2.5 na mafuta lita 150 kwa mbio nzima, kwa hiyo mshindi alikuwa aliyetega vizuri kuliko aliyejaza sana. Mwaka 1989 tabo zikapigwa marufuku, na hazikurudi mpaka mwaka 2014.

Na kwetu? Kwetu tabo ilikuja na Pasaka. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka 30 washindi walikuwa magari yasiyo na tabo, yenye mwili mgumu na injini rahisi. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda na Toyota Celica Twin Cam Turbo. Mwaka 1985 akashinda Juha Kankkunen na gari hilo hilo, na mwaka 1986 Waldegård tena. Tangu hapo hadi mashindano yalipoondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, hakuna gari lisilo na tabo lililoshinda.

Jiografia inaeleza sehemu ya jambo hili. Mombasa ipo usawa wa bahari. Nairobi ipo juu kiasi kwamba presha ya hewa imepungua kwa takriban asilimia 18, na nyanda za juu za Bonde la Ufa zinapanda zaidi. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na kabureta iliyotegwa Mombasa inamwaga mafuta mengi mno ikifika Nairobi. Tabo inarudisha hewa iliyopotea. Ni jaribio la Moss wa Pikes Peak, safari hii likiwa na vumbi, ng'ombe na watoto waliojipanga barabarani.

Lakini yale magari, na teksi na daladala zilizofuata nyuma yake, yalikuwa yanakunywa nini? Risasi. Huko Marekani mwanasayansi Clair Patterson, aliyekuwa amepima umri wa dunia na kuupata takriban miaka bilioni 4.55, alikuta maabara yake imejaa risasi kutoka hewani. Alipofuatilia chanzo, mwaka 1965 akachapisha kwamba watu wa kawaida walikuwa wamebeba risasi mwilini kuliko ilivyokuwa kabla ya viwanda. Fedha za utafiti wake zikaanza kukatwa. Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman akachunguza meno ya watoto na kuonyesha kwamba wenye risasi nyingi walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili na umakini darasani, hata kama hawakuonekana wagonjwa. Marekani ilikuwa tayari imeanza kuondoa risasi mwaka 1975, ili katalisti zisife. Angalieni mpangilio huo: kilichoanza kuisukuma nje ni kifaa cha gari, meno ya watoto yakafuata.

Sisi tulisubiri zaidi. Juni 2001 wawakilishi wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa. Kuanzia Januari 2006 hakuna nchi hata moja ya ukanda huu iliyokuwa ikitengeneza wala kuingiza petroli yenye risasi. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, likatangaza habari hiyo mwezi uliofuata. Linakadiria kwamba hatua hiyo inaepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kwa mwaka.

Fanya hesabu ya umri wako. Kama ulizaliwa kabla ya mwaka 2006 na ukasoma shule iliyopo kando ya barabara kubwa, basi uliivuta. Mimi niliivuta. Hakuna atakayetuambia ilituchukulia kiasi gani, maana hakuna mtu aliyetunza meno yetu.

Ndiyo maana nikiingia gereji siku hizi nasikiliza kwa namna nyingine. Kuna fundi mmoja mzee Kinondoni, wa tangu enzi za kabureta, aliyenieleza jinsi walivyokuwa wanatega taimingi: unapandisha gari mlimani kwa gia kubwa, ukisikia kokoto unarudisha distributa kidogo, ukiona limekuwa zito unaisogeza tena. Sensa ilikuwa sikio lake. Wapo vijana wa laptopu wanaofanya kazi ile ile kwa njia ya kisasa. Wanachomeka waya, wanaendesha, wanarekodi cheche imechelewa mara ngapi na mchanganyiko umekuwaje kwenye presha kubwa, wanabadilisha namba kidogo, wanaendesha tena. Inachukua siku nzima, na wanastahili malipo yao.

Wapo pia wa dakika 20. Wanabandika ramani iliyopakuliwa, iliyotegwa kwa petroli ya Japani yenye okteni inayokaribia 100, kwenye gari linalokunywa petroli ya kawaida ya hapa, ambayo haifiki huko. Sensa ya kugonga ikipiga kelele na kurudisha cheche nyuma, mteja analalamika nguvu imepungua, na fundi anapunguza usikivu wa sensa ndani ya kontroli boksi. Taa inazimika, mteja anafurahi mpaka Chalinze. Huyo amefanya kazi ya Midgley kwa bei nafuu: tatizo lipo pale pale, ila hakuna anayelisikia.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye Subaru, siku ukitaka kupandisha nguvu muulize fundi maswali matatu. Ramani hii imetegwa kwa petroli ya okteni ngapi? Kwenye presha ya juu mchanganyiko unasomeka ngapi, na umeupima kwa sensa gani? Sensa ya kugonga inafanya kazi, na imerekodi nini leo? Akikuonyesha namba, kaa naye. Akikuambia usiwe na wasiwasi, chukua funguo zako uondoke.

Wadau wenye magari ya tabo, uwanja ni wenu. Nawasikiliza.